Siku nane hadi kibarua cha Don Imus kuota nyasi

Asubuhi ya tarehe 4 Aprili 2007, studio moja ya redio mjini New York ilikuwa ikizungumzia mechi ya jana yake. Ilikuwa fainali ya mpira wa kikapu wa wanawake wa vyuo vikuu vya Marekani, iliyochezwa Cleveland, na Tennessee walikuwa wamewafunga Rutgers pointi 59 kwa 46. Mwenye kipindi, Don Imus, akasema wale wasichana wa Rutgers ni wagumu kweli, wamejichora tatuu. Mtayarishaji wake, Bernard McGuirk, akadakia kwa neno la mitaani lenye maana ya malaya. Imus akalipokea na kulitia la kwake: malaya wenye nywele za kipilipili. Kisha akawataja wasichana wa Tennessee, ambao yeye aliwaona warembo.

Tarehe 12 Aprili, siku nane baadaye, alikuwa hana kazi.

Kila linapozuka swali la mtangazaji aliyetukana rangi ya watu hewani, watu hukirudia kisa hiki. Mimi nasema Imus alistahili kufukuzwa. Lakini nikizipitia siku zile nane moja baada ya nyingine, naona pia kwamba waliomfukuza walikuwa washirika wake wa miaka mingi, na ndiyo maana adhabu yenyewe haikumaliza hata mwaka.

Waliotukanwa

Nianze nao, kwa kuwa katika mabishano ya namna hii wao ndio wa kwanza kusahaulika.

Rutgers ni chuo kikuu cha umma cha jimbo la New Jersey. Timu ya msimu ule ilikuwa na wachezaji kumi, wanane kati yao Weusi. Watano ndio kwanza walikuwa wameingia chuo, na hakukuwa na hata mmoja wa mwaka wa mwisho. Walianza vibaya: katika mechi sita za mwanzo walishinda mbili tu, na mwezi Desemba Duke waliwafunga nyumbani kwao kwa tofauti ya pointi 40. Mwezi Machi wakakutana tena na Duke hao hao kwenye mashindano ya taifa, safari hii Duke wakiwa namba moja nchini, na Rutgers wakawatoa 53 kwa 52. Fikiria kazi iliyofanyika kati ya Desemba na Machi. Hatimaye wakaingia fainali ya NCAA, yaani ya mashindano hayo ya taifa ya vyuo, kwa mara ya kwanza katika historia ya chuo chao. Kocha wao, C. Vivian Stringer, binti wa mchimba makaa ya mawe wa Pennsylvania, alikuwa amekwisha kuvifikisha vyuo vitatu tofauti kwenye nusu fainali ya taifa, na hakuna kocha aliyemtangulia katika hilo.

Hao ndio waliorudi nyumbani wakiwa wameumia kwa kufungwa, wakingoja angalau kuambiwa hongereni. Nahodha wao, Essence Carson, na wenzake walieleza baadaye kwamba ile furaha ndogo waliyobaki nayo ya kufika mbali walinyang'anywa. Hawakuwa wanasiasa wanaoomba kura, wala watu maarufu walioizoea mishale ya magazeti. Walikuwa wanafunzi wa chuo, wengine hawajafika miaka ishirini, na hawakuwa na redio ya kumjibia.

Neno la nywele nalo linahitaji kutazamwa kwa karibu. Kwa Kiswahili tunasema nywele za kipilipili, na ukilitazama neno hilo lilivyo linaeleza umbo tu: vinundu vidogo vidogo mfano wa punje za pilipili. Lakini sisi tuliokua tukisikia singa na kipilipili zikitajwa juu ya kichwa cha mtoto mchanga tunajua kwamba hayakuwa maelezo matupu. Pwani yetu nywele za singa zilihesabiwa za kiungwana, na zile za kipilipili zikanasibishwa na uzao wa watumwa. Mtoto wa kike aliambiwa ana bahati au hana kabla hajajifunza kusimama dede. Neno alilolitumia Imus lina ukoo huo huo: Marekani lilitumika tangu zama za utumwa kuwadhalilisha Waafrika kwa nywele walizozaliwa nazo, na wanawake wa vizazi kadhaa wameunguza ngozi za vichwa vyao kwa vitana vya moto na dawa kali ili walikwepe. Ukiliunganisha neno hilo na neno malaya, umemtukana mtu kwa uumbaji wake na kwa uanamke wake katika pumzi moja. Hapakuwa na hoja ndani yake, wala ukosoaji wa mchezo. Laiti angesema Rutgers walirusha mpira ovyo, au kwamba Stringer alikosea mbinu, pasingekuwa na kisa.

Mwenye kipaza sauti

Imus alikuwa na miaka 66. Kipindi chake kilitoka WFAN, kituo cha CBS Radio, kikapokewa na makumi ya vituo nchini kote, na tangu 1996 televisheni ya MSNBC, ya kampuni ya NBC, ilikuwa ikikionyesha mubashara. Maseneta walipishana pale. Januari ya mwaka ule ule wa 2007, Seneta Chris Dodd alikitumia kipindi hicho kutangaza kwamba anagombea urais. Mwaka 1997 jarida la Time lilimweka Imus miongoni mwa Wamarekani 25 wenye ushawishi zaidi. Kwa hiyo anayesema lile lilikuwa genge la wanaume wakitaniana hasemi kweli. Lilikuwa baraza la wakubwa, na aliyeketi kwenye kiti cha enzi alijua nani anasikiliza.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Gwen Ifill, mwandishi Mweusi aliyeripoti habari za Ikulu ya Marekani kwa gazeti la New York Times miaka ya 1990, aliripotiwa kuitwa na Imus mfanya usafi aliyeruhusiwa kuandika habari za Ikulu. Ifill alikaa kimya miaka mingi, hadi wiki ile ya Aprili alipoandika makala kwenye gazeti lile lile. Hakuandika kujitetea yeye. Aliandika kwa ajili ya mabinti wa Rutgers, akieleza kwamba yeye alikuwa mtu mzima wa kazi yake na aliweza kustahimili, lakini hawa wametupiwa tope katika wakati ambao ulikuwa wao. Na mwaka 2000 Clarence Page, mwandishi wa Chicago Tribune, alimwapisha Imus hewani kwamba ataacha mizaha ya kibaguzi. Imus akaapa. Page hakualikwa tena kwenye kipindi.

Jambo hili la kiapo cha mwaka 2000 ndilo lililonifanya nisimwonee Imus huruma kama ile ninayomwonea mtu mwingine. Mwaka mmoja kabla ya kisa hiki, Machi 2006, mtangazaji wa kituo cha KTRS cha St. Louis alikuwa akimsifu Condoleezza Rice, mwanamke Mweusi aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akisema angefaa kuongoza NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani. Ulimi ukateleza, akatamka tusi la kale dhidi ya watu Weusi mahali pa neno linalokaribiana nalo kwa sauti. Aliomba radhi papo hapo, kabla hata hajamaliza kupumua, na asubuhi ile ile akafukuzwa. Naona alionewa. Alikuwa katikati ya kumsifu mtu, na hapakuwa na dharau iliyotangulia wala iliyofuata. Kituo ambacho kingewafukuza yeye na Imus kwa kipimo kimoja kingekuwa hakikupima chochote, kimehesabu maneno tu.

Siku zenyewe

Siku ya kwanza hapakuwa na kelele. Maneno yale yalipita hewani kama yalivyozoea kupita mengine, na huenda yangeishia hapo, ila asasi ya Media Matters, inayofuatilia vyombo vya habari, ilikuwa imerekodi kipindi na kuweka kipande kile mtandaoni pamoja na maandishi yake. Tarehe 5 Imus aliwaambia watu wasihangaike na kauli ya kipuuzi iliyokusudiwa kuchekesha. Tarehe 6, Chama cha Taifa cha Waandishi wa Habari Weusi kikiwa tayari kimedai afukuzwe, akaomba radhi hewani.

Jumatatu tarehe 9 alikwenda kwenye kipindi cha redio cha mchungaji Al Sharpton, mtetezi wa haki za Weusi, akahojiwa kwa ukali. Siku hiyo NBC na CBS wakatangaza adhabu: kusimamishwa wiki mbili, kuanzia Jumatatu inayofuata. Yaani wiki nzima aendelee kuketi pale pale.

Jumanne timu ya Rutgers ikatokea mbele ya waandishi. Hapa nataka nitulie kidogo, kwa kuwa siku hii ndiyo iliyogeuza kisa. Stringer alizungumza kwa muda mrefu, akawaeleza hao mabinti mmoja mmoja walivyo: waliokuwa vinara wa darasa, wanaotaka kuwa madaktari, wanaopiga ala za muziki. Mchezaji Kia Vaughn alisema jina lile si lake. Wengi waliosikia tusi walikuwa hawajawahi kuona sura hata moja ya waliotukanwa. Sasa waliziona kumi, zimekaa kwa staha, zimevaa sare ya chuo. Walipoulizwa kama Imus afukuzwe, hawakukubali kutoa hukumu. Walitaka kwanza kukutana naye ana kwa ana.

Jumatano MSNBC wakakiondoa kipindi. Alhamisi Leslie Moonves, mkuu wa CBS, akatangaza kwamba Imus amefukuzwa.

Sasa pima. Kutoka Jumatatu hadi Alhamisi kosa halikubadilika hata herufi moja. Lililostahili wiki mbili Jumatatu, Alhamisi limestahili kufukuzwa. Kilichobadilika ni nini? Ni kweli wafanyakazi wa ndani walisema. Steve Capus, aliyeongoza habari za NBC, alieleza kwamba aliwasikiliza watu wake, na Al Roker, mtangazaji wa NBC mwenyewe, alikuwa ameandika hadharani kwamba Imus aondoke. Ndani ya bodi ya CBS kulikuwa na Bruce Gordon, aliyewahi kuiongoza NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, naye alitaka afukuzwe. Siwezi kuzidharau sauti hizo. Lakini kati ya Jumanne na Alhamisi ndipo wadhamini walipoanza kung'oa matangazo yao: Staples, Procter & Gamble, chai ya Bigelow, kisha General Motors, American Express, Sprint na wengine. Hapo kipindi kilikuwa kimekwisha kufa, na waliotangaza kifo walikuwa wakikizika tu.

Wasomaji wa Kenya mliishi jambo linalofanana Machi 2021, ingawa kosa halikuwa la rangi. Watangazaji watatu wa Homeboyz Radio walimlaumu mwanamke aliyekuwa mhanga wa ukatili. East African Breweries wakaondoa udhamini, na watatu hao wakamwaga unga. Tofauti ni kwamba Nairobi Mamlaka ya Mawasiliano nayo iliingia: ikakisimamisha kipindi miezi sita na kukitoza kituo faini ya shilingi milioni 1. Marekani mamlaka kama hiyo ipo, FCC, lakini katika kisa cha Imus haikuwa na la kufanya. Sheria zake zinashika uchafu wa kingono hewani. Tusi la rangi haliguswi, kwa kuwa Katiba inaifunga serikali mikono katika maneno. Mwaka 2004 titi la Janet Jackson lilionekana kwa chini ya sekunde moja katika matangazo ya CBS, na FCC ikaitoza kampuni hiyo dola 550,000, faini ambayo mahakama ziliifuta baadaye. Kwa mabinti kumi walioitwa malaya kwenye redio ya kampuni hiyo hiyo, hakuna senti iliyodaiwa. Sidai serikali ipewe rungu la kuchuja kila neno. Tunajua Afrika Mashariki rungu hilo humpiga nani kwanza. Ninachosema ni kwamba pale serikali isipokuwepo, hukumu ilibaki kwa mwajiri na kwa mwenye bidhaa ya kutangaza, na hao wana hesabu zao.

Utetezi wake

Waliomtetea walileta uhuru wa kusema. Uhuru huo aliubakiza wote. Hakushtakiwa, hakufungwa, hakunyimwa kalamu. Alichokosa ni kiti kinacholipwa mamilioni, na kiti hicho si haki ya kuzaliwa ya mtu yeyote.

Walileta rap. Kwamba neno lile limejaa kwenye nyimbo, zinaimbwa na Weusi wenyewe na kuuzwa na kampuni kubwa. Ni kweli limejaa, na ni aibu. Mwezi ule ule Russell Simmons, mmoja wa walioijenga biashara hiyo, alijitokeza kutaka maneno ya namna hiyo yafutwe kwenye nyimbo zinazopigwa hewani. Lakini jirani akimtukana binti yangu, hanitulizi kwa kuniambia kwamba hata wajomba zake humtukana.

Mwenyewe alileta shamba lake la New Mexico, ambako yeye na mkewe waliwapokea watoto wenye saratani, wakiwemo watoto Weusi. Hili naliheshimu kwa dhati, kwa sababu ni kazi ngumu na aliifanya miaka mingi. Ila lilinisikitisha kulisikia pale. Mtoto mgonjwa aliyelala chini ya paa lake hakuwa shahidi wa kuitwa siku ya kesi, na wema ule hauwafikii wasichana wa Rutgers kwa njia yoyote.

Utetezi wenye nguvu zaidi ulitoka kwa wakili wake, Martin Garbus, nao hauwasafishi waajiri hata kidogo. Imus alikuwa na mkataba wa miaka mitano uliotajwa kuwa wa dola milioni 40, na ndani yake CBS walikuwa wameandika kwamba wanakitaka kipindi chake kiwe cha utundu, kisichochelea mtu na chenye kuzua ubishi. Zaidi ya hayo, kwa maelezo ya wakili, kulikuwa na sharti la kumwonya kwanza kwa maandishi kabla ya kumfukuza. Agosti 2007 pande mbili zikasuluhishana nje ya mahakama, na masharti hayakutangazwa.

Hapo ndipo ninaposimama kwa muda mrefu kila nikikirudia kisa hiki. Kampuni ilimwajiri mtu ili awe mchokozi, ikamlipa kwa uchokozi, ikasikia habari za Ifill, ikasikia kiapo cha 2000 kikivunjwa, ikaendelea kuhesabu fedha za matangazo. Aliyeketi kwenye kipaza sauti aliondolewa. Aliyeandika mkataba alibaki akitoa tamko. Katika tamko lake Moonves alizungumzia athari za lugha ile kwa vijana, hasa wasichana wasio Wazungu. Septemba 2018 yeye mwenyewe aliondoka CBS baada ya wanawake wengi kumtuhumu kwa unyanyasaji wa kingono, tuhuma ambazo alizikana.

Nilichotaka kukiona Aprili 2007 ni Imus aondoke, na pamoja naye CBS waseme hadharani ni vipindi vingapi walivisikia kabla ya hiki wakanyamaza, nani alikuwa na kazi ya kusikiliza, na sharti lile la ubishi litaandikwaje kwa mtangazaji anayefuata. Hawakusema. Kwa hiyo soko lililomwondoa likamrudisha. Tarehe 3 Desemba 2007 alikuwa tena hewani New York, kituo cha WABC, McGuirk pembeni yake, akiwa ameongeza wachekeshaji wawili Weusi kwenye kikosi. Juni 2008, akizungumzia mchezaji aliyekamatwa na polisi mara kadhaa, aliuliza ni wa rangi gani, na alipoambiwa ni Mweusi akajibu kwamba basi sasa tumejua. Alifafanua kwamba alikuwa akiwakejeli polisi wanaowaonea Weusi. Huenda ni kweli. Lakini alikuwa amekwisha kutumia imani yote ambayo mtu hupewa bure, na kipindi kikaendelea hadi alipostaafu Machi 2018. Alifariki Desemba 2019.

Nimeuacha usiku wa Alhamisi ile kwa makusudi. Saa chache baada ya CBS kumfukuza, Imus na mkewe walikwenda Princeton, kwenye nyumba rasmi ya gavana wa New Jersey, kukutana na timu. Gavana Jon Corzine, aliyekuwa njiani kuja kusimamia kikao, alipata ajali mbaya ya gari na kulazwa hali yake ikiwa mahututi, hivyo wakakutana bila yeye. Walikaa kwa saa kadhaa, mlango umefungwa, hakuna kamera. Wachezaji walimuuliza walichotaka kumuuliza. Yeye hakuwa tena na kipindi cha kuokoa wala mdhamini wa kumbembeleza, na hata hivyo alikwenda, akakaa, akasikiliza. Kesho yake Stringer akatangaza kwamba timu imeipokea radhi yake na kwamba wako katika safari ya kumsamehe.

Kama wakubwa wa vituo wangengoja kikao kile ndipo wamfukuze, wangemfukuza wakiwa wamesikia waliotukanwa. Walimfukuza alasiri, na mabinti wakaingia ukumbini jioni kuzungumza na mtu ambaye hukumu yake ilikwisha kutolewa bila wao.